Jinsi Vitamini A Inavyosafirishwa Mwilini

Ukiwa na kalamu na karatasi hapo karibu, ziweke tayari, maana leo kuna mambo mawili matatu utakayopenda kuyaandika. Kama uko jikoni unapika, endelea na mapishi yako. Mengi nitakayoyasema yanahusu hicho kilicho ndani ya sufuria.

Kuna swali ambalo akina mama hutuuliza mara kwa mara kliniki, tena huliuliza kwa uchungu. "Sista, mtoto wangu anakula sukuma wiki kila siku ya Mungu. Karoti nimempa, papai nimempa. Mbona mnaniambia vitamini A haimtoshi?"

Mama huyu ana haki ya kuuliza. Sisi wahudumu wa afya tumezoea kusema "kuleni mboga, kuleni matunda," halafu tunafunga mazungumzo hapo. Hatuelezi kinachotokea baada ya mboga kumezwa. Ukweli ni kwamba vitamini A ikishapita kooni bado ina safari ndefu, na haina miguu. Ni lazima ibebwe. Kila sehemu ya safari ina mchukuzi wake, na mchukuzi mmoja akikosekana, mzigo hukwama njiani hata uwe mwingi namna gani. Ndiyo maana mtoto mmoja hula karoti na macho yake yakanufaika, na mwingine akala karoti zile zile na jicho likabaki na njaa.

Kwanza tujiulize kwa nini inahitaji kubebwa. Vitamini A ni kitu cha jamii ya mafuta. Wataalamu wa Marekani, McCollum na mwenzake Marguerite Davis, walipoigundua mwaka 1913, waliikuta ndani ya siagi na kiini cha yai. Sasa wewe mwenyewe umewahi kumwaga mafuta kwenye maji. Hata ukoroge mpaka mkono uchoke, yataelea juu. Damu yetu kwa sehemu kubwa ni maji. Kwa hivyo vitamini A haiwezi kuingia kwenye damu na kuogelea yenyewe kama chumvi au sukari. Inahitaji chombo.

Safari yenyewe inaanza kwenye sahani. Hapo kuna aina mbili. Kuna vitamini A iliyo tayari, ambayo wataalamu huiita retinoli. Hiyo tunaipata kwa wanyama: maini, mayai, maziwa, na samaki wadogo wanaoliwa wazima kama omena. Aina ya pili hutoka kwenye mimea, nayo huitwa karotini. Hii ndiyo inayolipa boga, karoti, embe bivu na viazi vitamu vya manjano ile rangi yao. Hata terere, kunde, managu na sukuma wiki zinayo kwa wingi, ila rangi ya kijani imeifunika. Karotini bado si vitamini A. Ni malighafi, na mwili ndio unaoigeuza, hasa pale kwenye ukuta wa utumbo mwembamba.

Katika kugeuza huko hasara ni kubwa. Hesabu inayotumiwa na wataalamu wa lishe ni kwamba mikrogramu 12 za karotini kutoka kwenye chakula huupa mwili mikrogramu 1 tu ya vitamini A. Sisemi hivi ili mtu aidharau mboga. Mboga ndiyo vitamini A iliyo karibu na wengi wetu, inaota hata nyuma ya nyumba. Nasema hivi ili ujue kwamba vijiko viwili vya sukuma wiki kwa mtoto wa mwaka mmoja, vilivyochemshwa kwa maji na chumvi, ni kidogo sana.

Na hapo kwenye kuchemshwa ndipo pana jambo linalonikera. Nyumba nyingi, mboga ya mtoto hutengwa kabla mafuta hayajatiwa, eti mafuta yatamwumiza tumbo. Lakini ndani ya utumbo, vitamini A haiwezi kupenya ukuta ila ikiwa imechanganyika na mafuta na nyongo. Nyongo hutoka kwenye ini, na juisi nyingine ya kusaga mafuta hutoka kwenye kongosho. Hizo mbili huyavunja mafuta yakawa matone madogo mno, na vitamini A hujipachika ndani ya matone hayo. Chakula kikiwa hakina mafuta kabisa, matone hayatoshi, na karotini nyingi hutoka na choo kama ilivyoingia.

Si mafuta mengi ninayosema. Kijiko kimoja cha chai cha mafuta ya kupikia kwenye chakula cha mtoto kinatosha. Usipokuwa na mafuta, ponda avokado, au tia karanga zilizosagwa laini. Wenzetu wa Pwani wanaopika mchicha kwa tui la nazi wamelifanya jambo hili tangu enzi za mababu bila kuambiwa na muuguzi yeyote. Na jambo jingine: mboga ikiiva na ikapondwa, karotini hutoka kwa urahisi kuliko ikiwa mbichi. Ila usiichemshe saa nzima. Na ukikausha mboga za kuweka akiba ya kiangazi, zianike kivulini, kwa sababu jua kali huiharibu karotini.

Mafuta yenyewe siku hizi yana faida ya ziada. Tangu mwaka 2012, sheria ya Kenya inataka mafuta ya kupikia yanayouzwa yakiwa yamepakiwa yaongezwe vitamini A. Tazama alama kwenye mkebe au karatasi yake kabla ya kulipa.

Sasa tuseme mtoto amekula terere iliyotiwa mafuta, vitamini A imepenya na iko ndani ya ukuta wa utumbo. Hapo hufungwa pamoja na mafuta mengine katika vifurushi vidogo ambavyo wataalamu huviita kailomikroni. Vifurushi hivi ni vikubwa mno kuingia moja kwa moja kwenye mishipa midogo ya damu ya utumbo. Hupita njia ya kando, yaani mishipa ya limfu, hupanda nayo kifuani hadi karibu na mtulinga wa kushoto, na hapo ndipo humwagwa kwenye damu. Weka kidole chako kwenye mfupa huo ulio kati ya shingo na bega la kushoto. Mafuta ya chakula chako cha mchana yanapitia hapo, yakiwa na vitamini A ndani yake.

Vifurushi vikishaingia kwenye damu, hushusha mafuta njiani kwa misuli na sehemu nyingine zinazohitaji nguvu, vikawa vidogo zaidi. Mabaki yake, yakiwa bado na sehemu kubwa ya vitamini A, hupokelewa na ini.

Ini ndilo ghala. Mtu mwenye afya nzuri huweka sehemu kubwa sana ya vitamini A yake yote hapo, ndani ya seli maalumu zenye umbo la nyota, ikiwa ndani ya vitone vya mafuta. Mtu mzima aliyelishwa vizuri huweza kuishi miezi mingi kwa akiba hiyo hata asipopata nyingine. Mtoto mchanga hana bahati hiyo. Huzaliwa na akiba ndogo sana, na huanza kuijaza kwa maziwa ya mama. Yale maziwa ya kwanza, mazito na ya manjano, ambayo baadhi ya nyanya zetu bado wanashauri yakamuliwe na kumwagwa, yana vitamini A nyingi kuliko maziwa ya baadaye. Tafadhali nyanya, usiyamwage.

Ghala hili lina tabia moja inayowadanganya watu. Ini hutoa vitamini A kwa kipimo, ili damu iwe na kiasi kile kile siku baada ya siku. Ni kama tangi la maji lililo juu ya nyumba. Tangi likiwa limejaa, mfereji unatoa maji. Tangi likiwa robo, mfereji bado unatoa maji vile vile, nawe huna habari. Unagundua siku linapokauka. Mtoto anaweza kuonekana mzima, anacheza, na ghala lake limebaki na vumbi. Halafu anapata surua au kuhara kwa wiki moja, na mambo yanaharibika kwa siku chache.

Sasa sikiliza sehemu hii vizuri, maana ndiyo inayosahaulika.

Vitamini A ikitoka kwenye ghala kwenda machoni, kwenye ngozi, kwenye mapafu, haisafiri tena ndani ya mafuta. Ini huiundia mchukuzi maalumu, ambaye ni protini. Protini hii ina kijishimo katikati, na vitamini A hukaa humo ndani, punje moja kwa mchukuzi mmoja, ikiwa imekingwa isiguse maji ya damu. Mchukuzi huyu ni mdogo sana kwa umbo, na kama angesafiri peke yake angepenya kwenye chujio la figo akatoka na mkojo. Kwa hivyo hushikana na protini nyingine kubwa iitwayo transthairetini. Wakishikana, figo haliwezi kuwapitisha, na mzigo unabaki salama ndani ya damu. Mchukuzi akishashusha mzigo, hujitenga na mwenzake, figo humchukua na kumvunjavunja. Hawa hawana maisha marefu; huhesabiwa kwa saa, hawafikishi hata siku chache. Ini linapaswa kuunda wengine kila siku.

Nao wanaundwa kwa nini? Kwa protini tunayokula. Kama mtoto anashinda kwa uji mtupu wa mahindi asubuhi, ugali na supu ya mboga jioni, kesho vivyo hivyo, ini lake halina kitu cha kuundia wachukuzi. Hapo inawezekana kabisa ghala likawa na vitamini A ndani, na jicho likawa linakauka. Mzigo uko bohari, hakuna wa kuubeba.

Hili halikutungwa kwa ajili ya redio. Mwaka 1973 watafiti walichapisha habari za watoto wa Misri waliokuwa na utapiamlo mkali. Damu yao ilikuwa na vitamini A kidogo na wachukuzi wachache. Watoto hao walipotibiwa kwa chakula chenye protini na nguvu ya kutosha, bila kuongezewa vitamini A, vyote viwili vilipanda kwenye damu. Vitamini iliyopanda ilikuwa imefungiwa ndani ya maini yao wenyewe.

Ukimwona mtoto aliyevimba miguu, nywele zimekuwa nyepesi na za rangi ya kutu, hana furaha wala hataki kucheza, huo ni unyafuzi, ambao wengi wanauita kwashakoo. Mtoto wa namna hiyo asipelekwe sokoni kutafutiwa karoti. Apelekwe kituo cha afya siku hiyo hiyo. Huko hupewa chakula tiba, ambacho tayari kimetiwa vitamini A, na kwa sababu hiyo usishangae muuguzi asipompa tena yale matone. Ila macho yake yakiwa na dalili, au akiwa na surua, atapewa.

Kwa mtoto aliye mzima, dawa iko nyumbani. Maharagwe, ndengu, kunde, njugu, omena iliyosagwa ikachanganywa na mboga, maziwa, yai. Githeri iliyopondwa vizuri humfaa mtoto kuliko uji mtupu mara nyingi sana. Na kuhusu yai nina neno. Najua katika nyumba nyingi kuku anataga na mayai yote yanakwenda dukani kubadilishwa na sukari na sabuni. Sina ugomvi na sabuni. Lakini ukiwa na mayai saba, matatu yabakie kwa mtoto. Yai moja lina vitamini A iliyo tayari, lina mafuta ya kuipenyeza kwenye utumbo, na lina protini ya kuundia mchukuzi. Vyote vitatu ndani ya ganda moja. Ukiliuza ukanunua sukari, umebadilisha vitu vitatu kwa kitu kimoja ambacho mtoto hakihitaji.

Na wale wanaosema mtoto akila mayai atachelewa kuzungumza, mimi nimelisikia neno hilo kwa masikio yangu mara nyingi, tena kutoka kwa watu ninaowaheshimu. Halina ukweli. Mtoto akishatimiza miezi sita anaweza kula yai lililoiva vizuri.

Kuna madini pia yanayoitwa zinki, ambayo ini huyahitaji ili kuunda wachukuzi. Tunayapata kwenye nyama, samaki, maharagwe na njugu. Ndiyo vile vidonge ambavyo mtoto anayehara hupewa pamoja na maji ya chumvi na sukari ya kituo cha afya. Mmalizie siku zote alizoandikiwa, hata kuhara kukikoma siku ya tatu.

Tuje sasa kwenye magonjwa, maana hayo ndiyo wanyang'anyi wa njiani. Mtoto akishikwa na homa kali, ini huacha baadhi ya kazi zake za kawaida na kushughulikia vita. Moja ya kazi linayopunguza ni kuunda wale wachukuzi. Wakati huo huo figo lililochemka kwa homa huacha vitamini A ikatoka na mkojo, na mwili nao unaitumia kwa wingi kurekebisha sehemu zilizoumia. Minyoo na kuhara huziba mlango wa mwanzo kabisa, pale utumboni. Kwa hivyo mgonjwa anahitaji zaidi, anapokea kidogo, na kile alicho nacho hakisafirishwi. Ongeza kwamba amekataa kula.

Surua ndiyo mbaya kupita yote. Mwaka 1987 yalichapishwa matokeo ya utafiti kutoka hospitali ya Mvumi, huko Dodoma, Tanzania. Watoto 180 waliolazwa kwa surua waligawanywa makundi mawili, wote wakatibiwa kama kawaida, ila kundi moja likaongezewa vitamini A. Katika watoto 88 walioongezewa, walikufa 6. Katika 92 ambao hawakuongezewa, walikufa 12. Tofauti ilionekana zaidi kwa wale wa chini ya miaka miwili. Leo mtoto mwenye surua hupewa vitamini A siku ya kwanza na siku ya pili, na macho yakiwa yameathirika hupewa tena baada ya wiki chache. Hupewa hata kama alipata matone yake ya kawaida mwezi uliopita. Mzazi, usimfungie mtoto wa surua nyumbani ukampaka vitu mwilini kungoja vipele viishe. Mlete. Na chanjo ya surua hutolewa mtoto akiwa na miezi 9, kisha miezi 18. Ile ya pili ndiyo wengi wanaisahau.

Basi tuseme mambo yamekwenda sawa na mchukuzi amefika kwenye jicho. Ataingiaje? Seli za jicho zina mlango wake. Watafiti wa Marekani waliutambua mlango huo mwaka 2007, wakauita STRA6. Mchukuzi hashushi mzigo popote ovyo. Hubisha kwenye mlango huo, vitamini A ikaingia ndani, naye akabaki nje. Huko nyuma ya jicho vitamini A hugeuzwa kuwa sehemu ya rangi maalumu inayonasa mwanga hafifu. Ndiyo inayokuwezesha kuona njia ya kwenda chooni usiku bila tochi. Ikipungua, mtoto huona vizuri mchana, lakini jua likizama anajikwaa, anagonga viti, anatafuta bakuli lake kwa kupapasa. Mchunguze mtoto wako magharibi. Watoto wadogo hawajui kusema "sioni". Wao huketi tu pembeni kimya, na watu husema ameanza kuwa mpole.

Kioo cha mbele cha jicho hakina mishipa ya damu kabisa. Hicho hupata vitamini A yake kupitia machozi. Ikikosekana, weupe wa jicho hupoteza ung'avu, hukauka, na madoa kama povu la sabuni hutokea pembeni. Baadaye kioo chenyewe hulainika na kutoboka. Hapo upofu hauwezi kurudishwa. Kutoka ukavu hadi kutoboka si lazima ichukue miezi. Kwa mtoto aliyedhoofika yaweza kuwa siku chache. Kwa hivyo ukiona jicho kavu, doa la povu, au mtoto haoni magharibi, usingoje siku ya kliniki wala usitie dawa ya kienyeji jichoni. Nenda hospitali kesho asubuhi, au leo kama kuna gari.

Macho ndiyo tunayoyaona, lakini kazi kubwa zaidi hufanyika mahali tusipopaona. Ndani ya seli nyingine, vitamini A hugeuzwa kuwa asidi inayoingia kwenye kiini cha seli na kuiagiza ikue namna gani. Kwa maagizo hayo, koo, mapafu na utumbo hupata utando laini wenye unyevu, unaozuia vijidudu. Maagizo yakikosekana, utando hukauka na vijidudu hupita. Mwaka 1986, Alfred Sommer na wenzake walichapisha utafiti wa Aceh, Indonesia: katika vijiji ambavyo watoto walipewa vitamini A, vifo vilipungua kwa karibu theluthi moja kuliko vile ambavyo hawakupewa. Waliokuwa wakifa hawakuwa wanakufa kwa upofu. Utafiti huo na mingine iliyofuata ndiyo iliyoleta yale matone.

Andika sasa. Mtoto wa miezi 6 hadi 11 hupewa kidonge cha buluu, yuniti 100,000. Kuanzia mwezi wa 12 hupewa cha rangi nyekundu, yuniti 200,000, kila baada ya miezi sita mpaka atimize miaka mitano. Tunakata ncha ya kidonge na kukamua mafuta yake mdomoni. Ndiyo, ni mafuta. Vitamini A imekuja na chombo chake cha kuipitisha utumboni. Ikifika huingia ghalani, na ini huigawa kidogo kidogo kwa miezi ijayo. Na kama ulivyosikia, kugawa huko kunahitaji wachukuzi, kwa hivyo matone hayachukui nafasi ya maharagwe na yai. Hutolewa bure katika zahanati za serikali, na katika wiki za Malezi Bora mwezi wa Mei na Novemba wahudumu wa afya huwafikia watoto mpaka kwenye shule za chekechea na makanisani. Kuanzia mwaka mmoja hupewa pamoja na dawa ya minyoo.

Wazazi wengi huja kliniki mpaka chanjo ya miezi 18, halafu hatuwaoni tena. Mtoto wa miaka mitatu amekatizwa matone kwa sababu hana sindano ya kumleta. Mlete hata kama hana sindano. Na uje na kile kijitabu chake, kwa sababu kipimo hiki ni kikubwa na hakifai kurudiwa ovyo. Vitamini A ikizidi kuliko wachukuzi, huzurura kwenye damu bila kukingwa na kuumiza mwili: kichwa huuma, mtoto hutapika, utosi hutokeza juu. Muuguzi akitazama tarehe atajua.

Mama mjamzito hapaswi kabisa kumeza vidonge hivyo vikubwa vya watoto, kwa sababu vitamini A nyingi iliyo tayari yaweza kumdhuru mtoto aliye tumboni. Hata maini asiyale kila siku. Mboga, boga, maembe na viazi vya manjano ale atakavyo. Mwili hugeuza karotini kwa kiasi unachohitaji tu. Akizidisha sana mapapai, viganja vitakuwa vya manjano, na weupe wa macho utabaki mweupe. Macho yakigeuka manjano, aende hospitali. Na kwa aliyejifungua: zamani tulikuwa tukimpa mama vitamini A baada ya kujifungua. Tangu mwaka 2011 Shirika la Afya Duniani halishauri tena jambo hilo. Usidhani umenyimwa. Kula vizuri, na umnyonyeshe.

Ukiwa na swali, mwulize mhudumu wa afya wa kijiji chenu, au ulilete kwenye kituo cha afya kilicho karibu nawe. Wiki ijayo tutaeleza jinsi ya kumlisha mtoto anayehara na aliyekataa kula. Mpaka wakati huo, kwaheri ya kuonana.